Mkanda peke yake haumshiki fundi wa paa

Pita asubuhi mitaa inayojengwa pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba au Chanika, utawaona: mafundi wawili juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, saidia fundi akiwapandishia bati kutoka chini. Kamba hakuna, jukwaa hakuna. Wanaotetea usalama wanasema Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, basi kila anayepaua alazimishwe kuvaa mkanda wa usalama, ule unaomfunga mtu kwa kamba asianguke. Mafundi wanajibu kwamba kamba inawakwaza, na wamepaua miaka mingi bila kuanguka.

Mafundi wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza. Kamba ya kawaida ya mkanda ina urefu wa karibu mita 2. Mtu akianguka, kipunguza mshtuko, kile kipande cha kamba kilichokunjwa, hufunguka na kuongeza kama mita 1. Weka na mwili wake unaoning'inia, weka na nafasi ya akiba, utakuta anahitaji zaidi ya mita 5 chini ya pale kamba ilipofungwa. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, ukuta wake huishia kama mita 3. Atafika chini kamba haijamaliza kazi yake. Tena ameifunga wapi? Kenchi ambayo haijakazwa kwa papi, zile mbao za kupigilia bati, inaweza kung'oka naye.

Lakini hoja ya uzoefu siikubali hata kidogo. Uzoefu haukaushi umande juu ya bati, wala hauzuii upepo unaolidaka bati mkononi mwa mtu. Waliovunjika mgongo hawapo tena juu ya paa kutoa ushahidi wao.

Marekani nako walibishana hivihivi. Kuanzia 1995 wajenzi wa nyumba za kuishi walilegezewa masharti, wakaruhusiwa njia nyingine badala ya vizuizi vya kawaida vya kuanguka. Legezo hilo lilifutwa, na tangu 2011 anayedai kwamba vizuizi hivyo haviwezekani lazima athibitishe.

Kwa nyumba zetu za chini, mimi naona jukwaa la mirunda kuzunguka ukuta ndilo la kwanza, usawa wa ukingo wa paa. Kamba iwe fupi, isimfikishe fundi ukingoni kabisa, ifungwe penye kenchi zilizokwisha kukazwa. Na mirunda si gharama mpya yote: baada ya kupaua, mwenye nyumba ataihitaji tu kwa kupiga lipu nje. Kinachobadilika ni kuisimamisha mapema.

Kwa nini basi haisimamishwi? Kazi ya kupaua hupatanwa kwa mkupuo. Siku mbili za kufunga jukwaa zinakatwa kwenye riziki ya fundi, wakati mwenye nyumba anahesabu mabati na misumari pekee. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhudumia mfanyakazi mwenye mwajiri. Huyu aliyepatanwa kwa simu akivunjika kiuno, mwajiri wake ataitwa nani? Mara nyingi ndugu zake ndio wanaochangishana.

Kwa hiyo nikisikia mkaguzi aende kwanza kumkamata fundi, nasita. Mwenye nyumba anayekagua geji ya bati dukani anaweza pia kudai mstari wa jukwaa kwenye makadirio, na kuulipia. Fundi anayeuweka leo kwa hiari yake hupoteza kazi kwa jirani asiyeuweka.