Breki Ndefu za Ubongo: Zina Uzito Gani?

Jumamosi moja nilikuwa mnadani Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nimekaa kwenye benchi nasubiri nyama iive. Ng'ombe wanalia, spika ya muuza dawa za panya inarudia maneno yaleyale, moshi unafuata kila anayeukimbia. Ghafla pikipiki ikapasua ekzosi: pah! Nikaruka, chumvi ikamwagika kwenye sinia. Mzee aliyekaa pembeni yangu hakupepesa hata jicho. "Tulia, mwanangu, pikipiki hiyo," akasema, akaendelea kutafuna.

Njia nzima ya kurudi mjini nikawa najiambia kwamba mlio ulikuwa mmoja, kwa hiyo tofauti yetu iko ndani ya kichwa. Na maelezo nilikuwa nayo mfukoni, maana siku hizo nilikuwa nasoma habari za niuroni, yaani seli za neva, za aina ya kuzuia, zile zinazotuliza seli nyingine, zinazotoka sehemu ya ubongo inayochakata sauti na kushuka hadi sehemu za chini zaidi.

Sisi tuliosoma baiolojia ya zamani tulifundishwa hivi. Katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kiasi cha niuroni nne kati ya tano ni za kusisimua, na zilizobaki huzuia, nyingi zikitumia GABA, kemikali iliyotambuliwa katika ubongo mwaka 1950. Za kusisimua ndizo zenye nyuzi ndefu za kupeleka habari mbali. Za kuzuia ni kama balozi wa nyumba kumi: anatuliza ugomvi wa majirani, lakini mambo ya wilayani hayamhusu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio, Marekani, wakaonyesha kwamba baadhi ya mabalozi hao wana njia ya moja kwa moja mpaka mkoani. Ndani ya ubongo wa panya wa maabara walikuta niuroni za kuzuia, zile zinazotambulika kwa kemikali iitwayo somatostatini, zinazotoka gamba la kusikia na kufika striatamu, eneo linalohusika na kuchagua na kuanzisha vitendo. Mwaka 2019 ikaja njia nyingine ya aina hiyo kwenda amigdala, ambako hofu hufungamanishwa na sauti. Na amigdala nayo ikakutwa inatuma nyuzi zake za kuzuia kurudi juu.

Wenye shaka wana hoja, na sitazipuuza. Njia hizi huchunguzwa kwa kutumia virusi vilivyotengenezwa kupandikiza jeni ndani ya aina moja tu ya seli, ili seli hizo ziitikie mwanga. Kisha kipande chembamba cha ubongo huwekwa chini ya hadubini, mwanga unamulikwa, na sindano ya kioo inapima umeme wa seli inayopokea. Kazi ni safi kabisa. Ila mwanga huamsha nyuzi zote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo huenda halitokei kamwe panya akiwa anatembea na kusikiliza. Ni sawa na kupuliza filimbi stendi, mabasi yote yakatoka kwa pamoja, halafu ukaandika kwamba ndivyo safari zinavyoanza. Umethibitisha kwamba barabara ipo. Ratiba hujaiona.

Hoja yao ya pili ni kwamba niuroni hizi ni chache mno kuwa na maana. Hapa ndipo ninapoachana nao. Seli kuu za striatamu hukaa kimya muda mrefu, na zinahitaji misukumo mingi ya kusisimua kwa wakati mmoja ndipo zitoe ishara. Kwa seli iliyo ukingoni namna hiyo, zuio dogo likija kwa wakati wake linaweza kuamua kama ishara itatoka au la. Wanaojua muheme, ngoma ya Wagogo, wananielewa. Mama wa Kigogo anayebana ngoma mapajani hupiga, lakini pia huacha, na anayejifunza utamjua kwa kushindwa kuacha.

Tena, niuroni ya kuzuia yenye uzi wa kutoka nje ya eneo lake si kioja. Seli za Purkinje za serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma, zinatoa nyuzi nje ya gamba lake, na tangu miaka ya 1960, kwa kazi ya Masao Ito na wenzake huko Japani, inajulikana kwamba zinazuia. Kilichokuwa kigeni kwetu ni kukuta niuroni za namna hiyo kwenye gamba la ubongo mkubwa, tena la kusikia.

Kwa hiyo njia naikubali. Ninachokikataa ni mbio zinazofuata, pale mtu anaporuka kutoka kipande cha ubongo wa panya hadi tiba ya hofu au ya mlio wa masikioni. Dawa tulizo nazo, kama diazepamu, huongeza nguvu ya GABA karibu ubongo mzima, ndiyo maana mgonjwa anatulia na pia anasinzia. Kugusa njia moja tu kungekuwa neema, lakini kwa mbinu ya panya kungemaanisha kumpandikiza binadamu jeni na kumtia waya wa mwanga kichwani. Mtu aliyepanga foleni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, leo usimpe matumaini hayo.

Mimi nitashawishika zaidi siku watakapozima seli hizo peke yake, kwa muda mfupi, ndani ya mnyama aliye macho anayesikiliza na kuamua, na uamuzi wake ukabadilika huku usikivu wake ukibaki palepale. Hicho kipimo cha mwisho, cha usikivu, ndicho nilichokiruka Msalato. Baadaye nikakumbuka kwamba nilipomwomba yule mzee anisogezee chumvi iliyobaki, ilinibidi nirudie mara tatu.