Jamani, Breki Hazikukatika

Habari kwamba breki za gari langu zilikatika imeshafika Korogwe, kwa hiyo wacha niiseme mwenyewe. Huyo abiria wangu mliyemsikiliza alikuwa amefumba macho tangu kona ya kwanza. Eti nilipiga shahada mara tatu. Mara moja tu. Ya pili iliishia njiani kwa sababu nilianza kumwita mama.

Barabara ya Mombo kupanda Lushoto mnaijua. Ijumaa mchana, tumekaribia Soni, manyunyu, lami inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Gari lenyewe nina nalo wiki ya tatu, kadogo ka Kijapani, nakanyenyekea kama bibi harusi. Kabla ya hapo nimeendesha pikapu ya mjomba miaka 9. Ile ukiikanyagia breki kwenye maji, tairi zinagoma kuzunguka na inaserereka kama sabuni ya kipande. Dawa yake mjomba alinifundisha: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Na alifundisha kwa makofi, kwa hiyo somo halikukaa kichwani, lilishuka likakaa mguuni. Hilo liwekeni akiba.

Sasa. Natoka kwenye kona, mwendo kama 40. Mbuzi. Mmoja, mweupe, katikati ya lami, anatafuna kitu. Hana haraka.

Nikakanyaga breki yote. Na pedeli ikanijibu.

Chini ya soli kitu kikaanza kutetemeka, gr-r-r-r-r, kama nimekanyaga paka aliyelala ndani ya dumu. Mlio unatoka huko kwenye boneti, mguu unacheza mpaka gotini. Pikapu ya mjomba haijawahi kunisemesha hivyo hata siku moja. Nikatangaza kwa sauti ya msiba, "BREKI ZIMEKATIKA!" Halafu mimi, mwanaume mzima mwenye leseni, nikafanya nini?

Nikatoa mguu.

Gari likashukuru, likaendelea na safari. Nikakanyaga tena, gr-r-r, nikaachia. Kanyaga, achia. Mjomba angeniona angelia kwa fahari. Mbuzi ananitazama, anatafuna. Zimebaki kama hatua tano, nikakata usukani kushoto, na kushoto alikuwepo mama na meza yake ya karoti na peasi, na pembeni yake lundo la kabichi. Mama akaruka. Meza ikapona. Kabichi hazina miguu. Pua ya gari ikaingia kwenye lundo taratibu kabisa, kama mtu aliyechelewa msikitini anatafuta nafasi. Pof. Pof. Pof. Moja ikapanda boneti, ikabingirika mpaka kwenye kioo, ikatulia mbele ya uso wangu. Tukaangaliana.

"Baba," mama akaniambia dirishani, kwa upole ulionimaliza, "hukuziona?"

Ninyi mlioanza kucheka, tunzeni pumzi, haijaisha.

Tairi moja la mbele lilikuwa limezama kwenye tope la mtaro. Wakaja vijana wanne kusukuma. Wao wako mbele ya gari, mimi nimeweka gia ya nyuma. Nakanyaga mafuta, injini inanung'unika tu, haipandi. Kwenye dashibodi kuna kataa ka njano, kapicha ka gari lenye mikia miwili ya nyoka, kanapepesa. Nikawatangazia kwamba na injini nayo imekufa. Kijana mmoja, hata ndevu hana, akaingiza kichwa: "Braza, hiyo inazuia tairi lisizunguke bure. Inalibana na kupunguza nguvu ya injini. Kwenye tope izime." Kumbe kuna kitufe chenye kapicha hako hako. Wiki tatu nilidhani ni cha kukausha kioo.

Nikazima. Nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Gari linavutwa na tairi za mbele, linarudi nyuma, vijana wako mbele. Tope lilielekea wapi, pigeni hesabu wenyewe. Mmoja alikuwa ametoka kuswali Ijumaa. Kanzu nyeupe.

Niliomba radhi, nikalipa, nikaomba radhi tena, tukaondoka.

Fundi wa Mombo alilizungusha gari dakika 10 akarudi amejishika mbavu. "Breki nzima. Mgonjwa ni mguu wako." Anasema gari lina ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi kugoma: kila tairi lina sensa inayosoma mzunguko wake. Tairi likitaka kugoma, kompyuta inalilegezea breki na kulibana tena, zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja, na ule mtetemo ni mafuta ya breki yanasukumwa huku na huku hadi kwenye pedeli. Yaani ile kanyaga-achia ya mjomba ilikuwa inafanywa na mashine, na mimi nikaja kuisaidia. Kazi yangu ilikuwa kukandamiza mguu nisiuachie, kisha nikate usukani, maana tairi linalozunguka linakubali kupinda na lililogoma linakwenda linakotaka lenyewe. Nikamuuliza, je, gari lingesimama kabla ya mbuzi? Akasema hiyo haapi, na kwenye changarawe mfumo huo unaweza hata kurefusha mwendo wa kusimama. "Ila ungemkwepa, ukarudi kwenye lami yako."

Usiku nikasoma kwenye simu: Mercedes-Benz walianza kuuza gari lenye mfumo huo, uliotengenezwa na Bosch, mwaka 1978. Mimi ni wa 1989. Nimemkosea adabu kaka yangu wa miaka 11.

Kabichi zilikuwa 23. Nazijua idadi kwa sababu nilizilipia moja moja, tena kwa bei ya Dar. Na wakati nahesabu hela, yule mbuzi alishuka polepole kutoka barabarani, akanipita, akaanza kula nyingine iliyopona. Mama akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Ishirini na nne, baba."