Trili ya Tatu

Kadensa ya yule mpiga tarumbeta, yaani kile kipande anachopiga peke yake, ilikuwa na trili tatu, noti mbili jirani zinazopishana haraka haraka. Mimi, niliyekuwa naongoza bendi, nilijiandaa kwa trili moja. Yaliyofuata unaweza kuyakisia, lakini subiri kidogo, maana ajali ya muziki haina utamu mpaka ujue nani alikuwa ameketi wapi na nani alipaswa kuingia lini.

Tuanze na bendi yenyewe. Katika kozi ya kiangazi ya viongozi wa bendi, bendi ya mazoezi ni washiriki wenyewe. Asubuhi mnasoma nyimbo mpya, mchana mnapanda jukwaani kwa zamu, dakika 12 kila mtu, huku wenzako wakikupigia. Maana yake ni kwamba mbele yako wamekaa watu zaidi ya 50, na kila mmoja wao huko atokako ndiye mwenye kijiti cha kuongozea. Hakuna mkaidi kama kiongozi anayeongozwa. Wote wanahesabu kwa vidole vya miguu, wote wana kalamu ya risasi sikioni, na ukiteleza kipimo kimoja unaona nyusi mia zikipanda kwa pamoja. Tena wengi hawapigi ala zao. Wakufunzi hupenda kukupa ala usiyoizoea ili ukumbuke mateso ya wanafunzi wako, kwa hiyo mtu wa tuba anashikishwa klarineti ya tatu na mtu wa ngoma anakabidhiwa honi. Klarineti ya tatu ikipiga yowe, usiulize. Kidole hakijaziba tundu sawasawa, au ule mwanzi wa mdomoni unaotoa sauti umekauka.

Kisha wageni. Hualikwa waongozaji wa kukukosoa, na wapiga solo, wale wanaopiga peke yao mbele ya bendi, ambao kazi yao haiishii kwenye tamasha la jioni. Mchana hukopeshwa kwa washiriki ili wajifunze kusindikiza, na kusindikiza ni shughuli nyingine kabisa. Ukiwa na bendi tupu, kijiti ndicho sheria. Akiingia mpiga solo, unageuka kondakta kama yule wa basi: unagonga ubavu wa gari, unapiga kelele, unafunga mlango, lakini usukani anao mtu mwingine.

Zamu yangu iliangukia konseto (utungo wa mpiga solo na okestra) ya tarumbeta ya mtunzi Haydn, sehemu ya kwanza, iliyopangwa kwa ajili ya bendi. Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani wa historia. Nilijua kwamba Haydn aliiandika mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger, na kwamba Weidinger aliipiga mbele ya watu jijini Vienna mwaka 1800. Nilijua tarumbeta yake ilikuwa na matundu yaliyofunikwa kwa vibonye, na ndiyo sababu iliweza kupiga noti zinazofuatana huku chini, mahali ambapo tarumbeta za kale zilikuwa na mapengo makubwa kati ya noti moja na nyingine. Nilijua kwamba wimbo uko katika ufunguo wa E-flati, na kwamba ala nyingi huandikiwa noti katika ufunguo tofauti na ule unaosikika, kwa hiyo klarineti na tarumbeta za B-flati zinasoma F, honi za F zinasoma B-flati, saksofoni ya alto inasoma C, na mgeni wetu, kwa kuwa alikuja na tarumbeta fupi ya E-flati, anasoma C naye, pasipo alama hata moja mwanzoni mwa mstari. Nilijua kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho mpiga solo huulizwa kabla ya vingine vyote: unatokaje?

Nieleze kwa asiyejua. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, bendi inapanda mpaka kwenye akodi moja kubwa, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, yenye lile jicho juu yake, alama ya kushikilia noti. Unaikata, bendi inanyamaza, na mpiga tarumbeta anabaki peke yake apige atakavyo. Hiyo ndiyo kadensa. Haydn mwenyewe hakuiandika. Kila mpigaji huja na yake, aliyoitunga au aliyoazima, ya nusu dakika au ya dakika mbili. Kwenye skoa yangu, karatasi ya kiongozi yenye sehemu za ala zote, palikuwa na jicho, nafasi tupu, na neno moja: trili. Baada ya hapo bendi nzima inaingia kwa kishindo kwenye do, vipimo vichache tu, kazi imekwisha.

Mgeni alinipa dakika mbili kabla ya zamu yangu. Dakika mbili zinatosha kabisa. Unamwomba akuimbie mwanzo kwa mwendo anaoutaka (aimbe, asitaje namba, kwa sababu watu husema 120 na kuimba 132). Unamuuliza ni wapi atavuta na wapi atakimbia. Unamuuliza kama atapiga vile vipande vifupi ambavyo Haydn ameviweka ndani ya utangulizi wa bendi, kabla solo yenyewe haijaanza, maana wengine huviacha, na asipokuonya utadhani ameanza mapema. Mwisho unamwomba akupigie noti tano za mwisho za kadensa. Mimi dakika ya kwanza nilimweleza habari za Weidinger na vibonye vyake. Alinisikiliza kwa adabu. Dakika ya pili nilimuuliza kama kiti chake kiondolewe. Akasema ndiyo, yeye hupiga amesimama.

Tulipotyuni, yaani kulinganisha sauti za ala, nikapata onyo la kwanza, nisilijue kuwa ni onyo. Ukumbi ulikuwa wa baridi kwa sababu ya viyoyozi, na ala za shaba zikipoa sauti hushuka. Mgeni alikuwa ametoka kujipasha nje kwenye joto, tarumbeta yake ikawa juu yetu. Akavuta ile bomba ya kutyunia kidogo sana, kwa kuwa tarumbeta ya E-flati ni fupi na milimita moja kwake ina maana kubwa kuliko kwenye ndugu yake mrefu. Mimi nikajitia ujuzi nikawaambia wenzangu: “Wakati wa kadensa, pulizeni hewa ya moto ndani ya ala polepole, bila sauti, zisipoe.” Ushauri sahihi kabisa. Kumbuka tu kwamba anayepuliza hewa ya moto amelegeza midomo.

Tukaanza vizuri, nisiseme uongo. Utangulizi ukatembea, mgeni akaingia, nikawa namsikiliza. Pale alipovuta pumzi ndefu nikachelewesha pigo la nne, tukatua pamoja, mpaka nikaona kiongozi mmoja wa safu ya fluti akitikisa kichwa kwa kuridhika. Tukapanda kwenye akodi ya jicho. Nikaikata safi kama kamba. Kimya. Tarumbeta ikaanza kuzunguka peke yake.

Haikufika sekunde kumi, trili.

Mkono wangu haukuniuliza. Nikatoa pigo la nne, lile la kuwaandaa waingie, zuri kuliko yote niliyowahi kutoa, kisha nikashuka kwenye la kwanza kama mtu anayepasua kuni. Waliokuwa wakinitazama wakaingia: matromboni, tuba, na mtu wa timpani, aliyeishukia ngoma ya E-flati kwa mikono miwili. Tuba, ambaye midomo yake ilikuwa kwenye hewa ya moto kwa amri yangu, alitoa sauti ya ng’ombe anayeamshwa. Waliokuwa wakimtazama mgeni, yaani klarineti na fluti, hawakuingia. Wapiga honi, kama ilivyo ada yao, walikuwa wanamwaga maji ya pumzi yanayojikusanya ndani ya ala.

Ubaya ni kwamba mwanzoni haikugongana. Trili ile ilikuwa juu ya so, na so ni mkazi halali wa akodi ya do. Kwa sekunde nzima ilisikika kama vile ndivyo ilivyoandikwa, kiasi kwamba fluti zilijitilia shaka zenyewe nazo zikaingia, zimechelewa pigo moja. Hapo ndipo mgeni, ambaye hakuwa na habari kwamba amekwisha, alipoanza kuteremka kwa nusutoni, ngazi moja baada ya nyingine, juu ya akodi yetu iliyokataa kuhama. Nikakata. Ila wale waliochelewa pigo moja waliuona mkato wangu kuwa ni pigo la pili, wakaendelea kwa moyo mkunjufu.

Tulipata kimya baada ya muda. Mgeni hakusimama wala hakugeuka. Wapiga solo wamezoea simu zinazolia na watoto wanaokohoa, nadhani alituweka kundi hilo. Akapanda, akashuka, akaning’inia juu kidogo, na trili ya pili ikaja, hii juu ya la.

Safari hii nilikuwa macho. Nikainua viganja vyote viwili nikiwaonyesha wenzangu: bado, bado! Lakini mikono inayopanda mbele ya bendi ina maana moja tu, nayo ni “vuta pumzi”. Klarineti ya tatu, yule bwana wa tuba aliyekosa kuingia mara ya kwanza na akabaki na aibu yake, alivuta pumzi na kuingia. Peke yake. Na mwanzi ulikuwa umekauka.

Baada ya yowe lile niliapa. Nikashusha mikono, nikaifungia nyuma mgongoni, nikaamua kwamba huyu bwana ana trili nyingi kama nzige na mimi simwamini tena. Ndipo ikaja ya tatu, juu ya re, pana, ya polepole kisha ya haraka, trili ambayo mtoto yeyote wa kwaya angeisikia na kusema: hii inataka do. Mgeni akanitazama. Nikamtazama. Akainua nyusi, akainua mdomo wa tarumbeta, akaongeza sauti. Nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba niko naye, aendelee bila wasiwasi. Shingo yake ikavimba, mshipa ukajitokeza, trili ikaanza kutetemeka kwa sababu zisizo za kimuziki. Mwishowe pumzi ikaisha. Akapiga zile noti mbili ndogo za kufungia, akatua kwenye do, mpweke kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Kuona hivyo, viongozi zaidi ya 50 wakaamua kuokoa jahazi, kila mmoja kwa ishara yake: huyu kwa kichwa, huyu kwa mdomo wa saksofoni, mwingine kwa kalamu ya risasi. Tuliingia kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mwongozaji mgeni, mama mmoja mtulivu aliyekuwa ameketi pembeni na skoa magotini, aliacha kimya kitulie. “Mwalimu,” akaniuliza, “hapo mwisho ulikuwa unaongoza au unaomba dua?”

Mpiga tarumbeta alikuwa ameinama anamwaga maji, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Kilichonitoa hakikuchukua hata dakika nne. Mama yule alimwomba mgeni apige noti tano za mwisho tu, akaniamuru niziimbe, kisha niziandike kwenye nafasi tupu ya skoa. Halafu akanionyesha vidole. Kwenye tarumbeta ile, trili ya so inatikisa vidole viwili, kwa sababu so haibonyezwi kitu na la inabonyezwa kwa kidole cha kwanza na cha pili. Trili ya re huku juu inatikisa kidole cha kwanza peke yake. Hata ukiwa kiziwi ungeona mlango wa kutokea uko wapi. Trili ya la nayo hutikisa kile kile cha kwanza, lakini hapo kidole cha pili kimebaki kimebonyezwa. Mikono ikae chini kadensa yote, si mgongoni, chini. Trili ya re ikianza, iinuke taratibu mpaka kifuani na isimame hapo, bendi ijue imeitwa. Zile noti mbili ndogo za kufungia ndizo pigo lako la nne. Huzifuati, unazipiga pamoja naye. Na hewa ya moto ikome mikono inapoinuka, midomo irudi kazini.

Tulirudia kuanzia jicho. Trili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, ingawa klarineti ya tatu alifumba macho. Ya tatu, mikono kifuani, noti mbili, pigo, do. Tuliingia wote. Mgeni alimaliza na pumzi imebaki.

Kwa kuwa karatasi za muziki zilikuwa za maktaba ya kozi na lazima zirudi safi, alama zote za kalamu ya risasi hufutwa siku ya mwisho, na kwa kauli moja kazi hiyo nilipewa mimi pamoja na raba. Nilikuta mengi. Fluti ya kwanza alikuwa ameandika “3!!!” na kuizungushia duara. Honi ya pili alichora miwani. Tuba aliandika “midomo”. Klarineti ya tatu aliandika tarehe, basi. Nilifuta moja moja mpaka nikafika kwenye timpani, ambako juu ya nafasi tupu ya kadensa, kwa mwandiko mzuri wa ualimu, palikuwa na maneno: “Usimwangalie kiongozi. Hesabu trili.”

Hiyo sikuifuta.