Makato ya NSSF si mkopo wa bosi

Zunguka Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Waulize walinzi, wahudumu wa gesti, vijana wa sheli na walimu wa shule binafsi kama mchango wao wa mwezi uliopita umeingia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi watakuonyesha karatasi ya mshahara, kana kwamba kukatwa na kupelekewa ni jambo moja.

Kisheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mhudumu anayelipwa 300,000 anatoa 30,000, bosi anaongeza 30,000, na zote 60,000 zinatakiwa kufika ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Zikichelewa, kuna adhabu juu yake.

Utetezi wa mabosi naujua kwa moyo, hasa dagaa wanapokuwa haba na mzunguko wa hela ukakauka: biashara ngumu, nitalipa mbele ya safari. Kwa ile 30,000 yao naweza kuwasikiliza. Ile nyingine haijawahi kuwa yao hata siku moja. Imetoka kwenye jasho la mtu, akaandikiwa kabisa kwamba imetoka, kisha ikanunulia saruji ya kuongeza vyumba vya gesti. Huo ni wizi, hata kama mwizi anaswali safu ya mbele.

Na gharama yake haionekani leo. Pensheni ya uzee inadai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mtu anafikisha miaka 60 akijihesabia amepita, anaambiwa imeonekana 171. Ile miezi tisa akaidai wapi, na kampuni ilishafungwa zamani?

Matibabu ndiyo yanauma mapema. NSSF ina fao la matibabu kwa wanachama wanaochangia, kwa hiyo bosi asipopeleka hela, anayeumbuka dirishani ni mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo inawagusa waajiri binafsi. Naiunga mkono, ila naogopa makato mapya yatapitia mfuko uleule wa bosi uliotoboka. (Na ukikatwa "ya WCF", kataa: mchango wa mfuko huo wa fidia kwa wanaoumia kazini ni wa mwajiri peke yake.)

Tunaambiwa mfanyakazi afuatilie taarifa zake mwenyewe. Sawa, lakini katika mji ambao bosi ni shemeji wa mwenye nyumba wako, kuuliza tu kunakupa jina la mjuaji, na mjuaji hamalizi mwezi. Mimi ningetaka mfuko ndio uanze kusema: tarehe ya mwisho ikipita bila mchango, ujumbe uingie kwenye simu ya mfanyakazi na nakala kwa mkaguzi. Hapo bosi hawezi kuuliza nani kasema.