Ndoo ya shaba iliyotaka kwenda Mirihi

Chukua ndoo, ile ya kawaida, pana juu na nyembamba chini. Iwe ya shaba. Izibe pande zote mbili, kisha ujaze ndani yake mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale yanayopasha chakula kwenye oveni. Tangu 2001 mhandisi Mwingereza Roger Shawyer amekuwa akisema kwamba ndoo ya namna hiyo itajisukuma yenyewe. Haitoi moshi wala gesi, hakuna kinachotoka. Aliiita EmDrive, na kwa karibu miaka 20 ikawagawa watu wa anga: wengine waliiona kama mlango wa kwenda kwenye nyota, wengine kama kituko.

Sioni ajabu kwamba wengi walivutiwa. Roketi husonga kwa kutupa kitu nyuma. Simama kwenye mtumbwi uliotulia, urushe gunia la mchanga upande wa tezi, na mtumbwi utasogea upande wa omo. Masi ya gunia mara kasi yake ndiyo momenta, na momenta ile ile mtumbwi unaipata kwa upande wa pili. Magunia yakiisha, safari ya kuongeza mwendo imeisha. Chombo cha Dawn cha NASA, kilichorushwa 2007 kwenda kwenye magimba ya Vesta na Ceres, kilibeba kilo 425 za gesi ya zenoni ya kutupa nyuma, na injini zake za ayoni, yaani zinazotupa chembe zenye chaji ya umeme, ndizo zenye ubahili. Chombo cha Voyager 1 kinakwenda karibu kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hadi Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, ungekichukua zaidi ya miaka 70,000.

Halafu kuna suala la msukumo, yaani kani mara muda. Milinyutoni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya nyutoni, kipimo cha kani, ni kani ya kuchekesha, lakini iache isukume chombo cha kilo 100 mwaka mzima na utapata mita 315 kwa sekunde za nyongeza. Kama hukubeba mafuta, unaendelea mwaka wa pili, wa kumi, wa hamsini. Ndiyo maana hata kani ndogo kabisa ingetosha kubadilisha mambo.

Kutobeba mafuta, kwa kweli, si dhambi katika fizikia. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, tanga la mita 14 kwa 14 linalosukumwa na mwanga wa jua, na likapata kani ya milinyutoni 1 na kidogo. Lakini IKAROS ni jahazi: upepo wake, yaani mwanga, unatoka nje na kurudishwa nje. Ndoo ya Shawyer ni konda aliyekaa ndani ya daladala lililozimika, anasukuma dashibodi kwa nguvu zote na kuwaambia abiria gari linaondoka.

Shawyer anakataa mfano huo. Anasema mawimbi yanasukuma zaidi upande mpana kuliko upande mwembamba, hivyo inabaki tofauti. Hoja inaingia akilini mpaka ukumbuke kwamba ndoo ina kuta za pembeni. Ijaze ndoo hiyo hewa badala ya maikrowevu. Kitako kikubwa kinasukumwa zaidi kuliko kidogo, ni kweli, kwa sababu eneo lake ni kubwa. Lakini kuta zilizolala mshazari nazo zinasukumwa, na sehemu ya msukumo huo inaelekea upande mwembamba kwa kiasi kile kile kilichozidi. Hakuna aliyewahi kuona ndoo iliyofungwa ikitembea jikoni.

Kuna pingamizi la nishati pia, ambalo kwangu lina uzito kuliko kutaja jina la Newton na sheria yake kwamba kila msukumo una msukumo wa kinyume. Profesa Yang Juan wa Xi'an, China, alitangaza kipimo cha milinyutoni 720 kwa umeme wa kilowati 2.5. Chukulia ni kweli. Chombo kikifikia karibu kilomita 3.5 kwa sekunde kutoka pale kilipoanzia, nishati ya mwendo kinayoongeza kila sekunde inalingana na umeme kinaopewa. Kikivuka hapo kinatoa zaidi ya kinachoingia. Satelaiti zilizo karibu na dunia zinakwenda zaidi ya mara mbili ya hiyo, kwa hiyo hatuzungumzii kasi za kufikirika. Kifunge chombo hicho kwenye jenereta na una umeme wa bure milele. Shawyer hujibu kwamba kani hupungua chombo kikiongeza mwendo. Mwendo dhidi ya nini? Chombo kinachoelea angani chenyewe hakina namna ya kujua kinakwenda kasi gani. Timu ya Yang baadaye ilipima upya kwa betri badala ya nyaya kutoka nje, na ile kani kubwa ikatoweka.

Watetezi wana majibu mawili. La kwanza ni historia. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mtaalamu wa roketi Mmarekani, kwamba hajui roketi haiwezi kusonga mahali pasipo hewa. Likajisahihisha Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Wataalamu hukosea, wanasema. Hukosea, ndiyo, ila mfano huu unawageuka wanaoutoa: Goddard ndiye aliyesimama na Newton, na gazeti ndilo lililomsahau.

Jibu la pili ni zito zaidi: tumepima. Novemba 2016 Harold White na wenzake wa maabara ya Eagleworks, katika kituo cha NASA cha Johnson huko Houston, walichapisha makala katika Journal of Propulsion and Power. Walikuwa wamepima ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, na kupata milinyutoni 1.2 kwa kila kilowati. Mwanga mtupu uliotupwa nyuma kama tochi hutoa maikronyutoni 3.3 tu kwa kilowati, kwa hiyo dai lao lilizidi mara 300 na ushei. White alipendekeza kwamba ndoo inasukumana na ombwe lenyewe. Tatizo ni kwamba ombwe si maji ya bahari. Linaonekana vilevile kwa kila mpimaji, awe ametulia au yuko mbioni, na kitu cha namna hiyo hakina pa kushikia kasia.

Nadharia tuiache, twende kwenye mizani. Umeme mkubwa waliotumia ulikuwa wati 80, kwa hiyo kani iliyopimwa ilikuwa kama milinyutoni 0.1, yaani uzito wa karibu nusu ya punje ya mchele. Punje hiyo inatafutwa kwenye mizani inayojisokota ikisukumwa, iliyobeba ndoo ya shaba, nyaya, na kikuza mawimbi kinachopata moto. Shaba ikipata joto inatanuka. Ikitanuka, kitovu cha uzito kinahama. Kikihama, mizani inainama, na mizani ikiinama inasoma kani. Timu yenyewe ilikiri kwamba joto lilikuwa ndani ya ishara yao, ikajaribu kulitenganisha kwa modeli. Waliyaandika hayo waziwazi, na nawapa heshima kwa hilo.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Martin Tajmar wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani. Mwaka 2018 kundi lake lilionyesha kwamba kani haikufuata mawimbi yaliyoingia kwenye ndoo: yalipozuiwa yasiingie kwa wingi, sindano ilisogea vilevile. Walishuku nyaya za umeme kuvutana na sumaku ya dunia. Mwaka 2021, baada ya kubadilisha namna ndoo ilivyoshikizwa ili joto lisipindishe mizani, kani ya Houston ilitoweka nayo.

Wapo wanaosema kazi hiyo ilikuwa upotevu wa muda wa maabara, maana mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether alishaonyesha mwaka 1918 kwamba momenta haipotei wala haizuki mradi sheria za maumbile ni zile zile hapa na kule. Nawaelewa, na hitimisho lao lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ila Noether asingemwambia White kosa lake liko wapi. Sheria ilitosha kumtilia mtu shaka. Kumwonyesha kilichomdanganya kulihitaji mtu wa kukaa na mizani miaka kadhaa, na wanaopima injini halisi ndogo za satelaiti wanakabiliwa na joto na nyaya hizo hizo. Kama fedha hizo zingekwenda kwenye kuijenga ndoo kubwa zaidi kabla ya kuichunguza ndogo, hapo ningeungana na walalamikaji.

Kesi haijafungwa kwa wote. Novemba 2023 kampuni ya Marekani iitwayo IVO ilipeleka angani kifaa chake kisicho na mafuta, kwenye satelaiti ndogo ya Barry-1. Mzingo ndiyo mizani ambayo ingeonyesha mengi: satelaiti ipande kilomita kadhaa, kila mwenye rada aone. Satelaiti ikapata matatizo ya umeme, na Februari 2024 mawasiliano yakakatika. Kifaa hakikuwahi kuwashwa.