Asilimia mia imefika, seva imegoma

Jamani, nani aliwaambia mabosi kwamba kuhamisha seva ya chuma (kompyuta halisi) kwenda mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta nyingine) ni kunakili tu? Mstari unafika asilimia mia, watu wanapongezana, chai inaagizwa. Unaiwasha: skrini ya bluu, 0x0000007B. Windows haioni diski inayowakia, na yenyewe imo humo humo! Kama mtu aliyelala kitandani anauliza kitanda kiko wapi.

Tena haisingizii. Hiyo Windows Server 2008 R2 ilizoea kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa) ya kule kwenye chuma, draiva nyingine, yaani programu za kuongea na vifaa, ikaziacha zilale. Kwenye KVM, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, inakuta IDE ya Intel (kontrola ya diski ya aina nyingine), na draiva yake, intelide, imeandikiwa Start 3, yaani ngoja uitwe. Aite nani, wakati mwitaji mwenyewe yumo kwenye diski isiyosomeka? Haya, ingia na CD ya kusakinishia, fungua kidirisha cha amri, upakie rejista (daftari la mipangilio) ya Windows iliyogoma:

reg load HKLM\MGONJWA C:\Windows\System32\config\SYSTEM

Hiyo C huko huenda ikaitwa D, chungulia kwanza. Usihangaike kutafuta CurrentControlSet, humo haimo. Nenda ControlSet001, Services, intelide, Start iwe 0. Kisha reg unload, uwashe upya.

Ikiwaka, wajuaji hao, wanabadili diski kuu iwe virtio (aina ya diski na kadi iliyobuniwa kwa mashine pepe) papo hapo. Bluu tena, halafu lawama kwa umeme! Bandika kwanza diski ya pili ya virtio, hata ya GB 1, weka draiva yake, viostor, zima, ndipo ubadilishe ile kuu.

Ukiambiwa hakuna diski ya kuwakia kabla hata Windows haijajitokeza, achana na draiva: chuma kilikuwa kinawaka kwa UEFI, wewe mashine pepe umeiwekea BIOS, njia ya zamani ya kuwasha.

Na nyie wa Linux msicheke. CentOS ya zamani ina /dev/cciss/c0d0p1, jina la diski ya kontrola ya kule kwenye chuma, ndani ya fstab (orodha ya diski za kupachika), na initramfs, furushi la draiva za kuwakia, haina virtio_blk, draiva ya diski ya virtio. Washa kwa CD ya uokoaji, weka UUID (namba ya diski isiyobadilika) badala ya jina hilo, ingia ndani ya mfumo wenyewe kwa chroot, piga dracut -f iunde initramfs upya ukitaja toleo la kerneli, la sivyo inachukua la hiyo CD.

Imewaka? Mpe IP yake uone. Windows inang'aka kwamba anwani hiyo ni ya kadi nyingine ya mtandao. Kadi ipi? Ile iliyoko stoo, haina hata waya! Andika set devmgr_show_nonpresent_devices=1, fungua devmgmt.msc kutoka kidirisha hicho hicho, onyesha vifaa vilivyofichwa, uing'oe kwa mkono, maana kwa hiari haiondoki.