Je, Kila Dozi ya Antibiotiki Lazima Imalizwe?

Mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa mapema kwamba mgonjwa anayeacha antibiotiki kabla ya dozi kuisha huwaachia bakteria wenye nguvu nafasi ya kuzaliana, na kwamba hapo ndipo usugu wa dawa unapozuka. Mwaka 2017 Martin Llewelyn, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba fundisho hilo, likifanywa kanuni ya magonjwa yote, halina ushahidi wa kutosha. Waliopinga walihofia kwamba wagonjwa wangeanza kujikatizia tiba kiholela.

Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa kifua kikuu. Bakteria wake huzaliana polepole mno, wengine hujificha ndani ya makrofaji, yaani chembe zile zile za kinga zilizowameza, na katika pafu lenye mashimo huwa wengi kiasi kwamba wachache wao tayari wana mabadiliko ya jeni yanayowakinga dhidi ya dawa moja. Ndiyo maana tiba ya kawaida huanza na dawa 4 kwa miezi 2, kisha mbili kati ya hizo, rifampisini na isoniazidi, huendelea kwa miezi 4. Anayeacha kwa sababu kikohozi kimekoma bado anabeba bakteria hai, na ugonjwa ukirudi unaweza kurudi ukiwa sugu.

Tatizo ni kuuchukua mfano huu na kuufanya kipimo cha maambukizi yote. Penisilini ya siku 10 kwa koo lililoambukizwa streptokoki wa kundi A hutolewa hasa ili kuzuia homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Usugu dhidi ya penisilini si tatizo kwa bakteria hao. Sababu ya kumaliza dozi hapa ni nyingine kabisa, na inasikitisha kwamba vitabu vingi huzichanganya.

Zaidi ya hayo, dawa iliyomezwa haiwafikii wasababishi wa ugonjwa peke yao. Huwapitia pia bakteria wasio na madhara walioko utumboni na kwenye ngozi, wakiwamo E. coli, na kila siku ya ziada huwapa walio sugu miongoni mwao nafasi ya kutawala. Baadaye wanaweza kusababisha maambukizi ya mkojo, au kuwapitishia bakteria wengine jeni za usugu kwa njia ya plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria hupeana. Kwa upande mwingine, majaribio ya tiba ya nimonia yameonyesha kwamba siku 5, na wakati mwingine chache zaidi, hutosha kwa wagonjwa wanaopata nafuu haraka, kwa kuwa dawa ikishapunguza idadi ya bakteria, chembe nyeupe za damu huweza kuwamaliza waliobaki.

Kwa maoni yangu, hoja ya dozi fupi ina nguvu zaidi, ila ufupisho huo ufanywe na daktari anapoandika dawa, si na mgonjwa anapojisikia nafuu, maana homa inaweza kushuka huku maambukizi yakiwa bado yamo mwilini. Tena hoja hiyo hudhoofika kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka: majaribio mengi hayakuwahusisha wagonjwa wa aina hiyo, na kwao zile chembe nyeupe zinazotegemewa kukamilisha kazi huenda ni chache au zimedhoofika.